Nafasi ya Damiano Melini

Majirani wa Makanyagio, pale Mpanda mjini, walizoea kumtania Kasilda kwa jinsi alivyopenda kushukuru. Ukimpa chumvi ya kijiko kimoja atashukuru palepale, kesho akikukuta sokoni atashukuru tena, na wiki ikipita atamwambia mtu mwingine kwamba fulani ni mtu mwema sana, alinipa chumvi. Kwa hiyo Jumapili ile ya mwezi wa sita, alipotoka misani na kumkuta binti yake Rahel amekaa sebuleni na bibi yake, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na uso wa mwanawe Maiko unacheka ndani ya simu kutoka Dar es Salaam, furaha ilimzidi. Alikaa kwenye kochi na kitenge chake cha kwaya, hakukumbuka hata kuvua viatu.

Rahel alikuwa amefika juzi kutoka Dodoma, likizo, bila kusema kilichomleta.

"Mama, usiulize kitu kwanza," Rahel alisema. "Maiko, mwambie."

"Sema wewe, dada. Huku mtandao unakatakata."

Rahel akamshika mama yake mkono. "Mama, Septemba tunakupeleka visiwani. Si ile boti ya kwenda na kurudi. Ni meli ya kitalii, mtu unalala humohumo. Unguja, Pemba, mpaka Mafia. Wiki nzima, familia yote."

Kasilda aliwatazama, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye simu. "Wiki nzima majini?"

"Usiku meli inatembea. Asubuhi ukiamka uko kisiwa kingine. Mnashuka, mnatembea, mnaoga baharini, jioni mnarudi kula."

"Na anayepika ni nani?"

Maiko alicheka mpaka simu yake ikamponyoka, wakabaki wanatazama dari ya nyumba yake.

"Mama, hupiki," Rahel alisema, na sauti ikamlegea. "Ndiyo maana tunakupeleka. Wiki nzima usipike, usichambue mchele wa mtu, usiamke kumgeuza mgonjwa. Ukae tu."

Hapo Kasilda alishindwa. Aliinua pindo la kitenge akajifuta macho. Hakuna aliyehitaji kumweleza safari hiyo ilikotoka. Marehemu mume wake, Oswaldi, alifanya kazi stesheni ya Mpanda karibu maisha yake yote, na katika reli hiyo hakuwahi kuvuka Tabora. Bahari hakuiona. Lakini kila kiangazi, mpunga ukishaingia ndani na watu wamepata nafasi ya kupumua, aliwakalisha watoto kwenye mkeka uani akawapanga kama abiria na kuwapeleka visiwani kwa maneno. Hapa ndiyo Unguja, shukeni. Hapa Pemba, nani ameacha kiatu? Aliwaahidi kwamba siku moja watakwenda kweli. Kisha figo zikamshika, na baada ya miaka miwili ya kitanda na barabara ya hospitali, akafariki. Sasa masika ya tatu yalikuwa yamepita tangu wamzike.

"Asanteni," Kasilda alisema. "Asanteni sana, wanangu. Mungu awaone. Asanteni."

"Basi, mama, Mungu ameshasikia," Maiko alisema, na wote wakacheka.

Bibi Pelagia, mama mzazi wa Oswaldi, alikuwa kimya muda wote huo kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu imefunikwa shuka. Ni mwanamke wa Mpimbwe aliyelima mpunga mpaka magoti yakakataa, na tangu mwanawe afariki hakutaka kurudi kijijini. Alisema nyumba yake iko alipo Kasilda.

"Na mimi nimo?" aliuliza.

"Wewe ndiye wa kwanza, bibi. Septemba mvua haipo kabisa, na upepo wa baharini umeshatulia. Hutatapika."

"Tukitoka hapa tunakwenda na nini?"

"Ndege, bibi. Saa chache tu uko Dar."

"Ndege sipandi. Kitu kisichoweza kusimama njiani mtu akajisaidia, mimi sikipandi. Nyie nendeni na ndege yenu, mimi nitakwenda na treni, mtanikuta nimefika."

Walibishana kidogo kuhusu treni, wakakubaliana treni, kwa sababu kubishana na Bibi Pelagia kulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Rahel akawa anapanga kwa sauti, furaha imemjaa, anahesabu kwa vidole. "Vyumba vya melini vina vitanda viwili viwili. Maiko na mkewe Séverine chumba kimoja. Mimi na mume wangu kimoja. Mama na bibi kimoja. Tumemaliza."

"Na Damiano atalala na nani?" Bibi Pelagia aliuliza.

Rahel alikuwa bado anatabasamu. "Damiano gani, bibi?"

"Huyu wa Sitalike. Kuna mwingine?"

"Ba'mdogo Damiano ni rafiki wa baba, bibi. Hii ni safari ya familia."

"Na mimi nimesema ni ya familia." Bibi kizee akamgeukia mkwewe, taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Kasilda. Kumbe hujawaambia watoto."

Kasilda alihisi uso unawaka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mama wa watu wazima, na hapo kwenye kochi lake mwenyewe aliona haya kama msichana aliyekutwa nyuma ya kanisa.

"Maiko, nitakupigia," Rahel alisema, akakata simu. Hakupandisha sauti. "Mama. Kuna nini?"

Kasilda hakujua aanzie wapi. Damiano aliendesha gari la wageni wa mbugani kule Sitalike, na alikuwa ameimba besi pamoja na Oswaldi tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Mkewe alikuwa amekufa zamani, mtoto wake wa pekee ameolewa Kigoma. Oswaldi alipougua, Damiano ndiye aliyekuwa anampeleka hospitali Mbeya na kumrudisha, na wiki zingine ndiye aliyemwogesha, kwa kuwa Oswaldi aliona aibu mkewe kumwona alivyobaki. Baada ya mazishi aliendelea kuja, mara analeta kuni, mara anamnyoosha bibi miguu kwa mafuta. Miaka yote hiyo alimwita Kasilda shemeji. Kisha jioni moja ya kiangazi kilichopita, akiwa ameshika komeo la geti tayari kuondoka, aligeuka akasema, "Kasilda, umekonda. Unakula kweli?" Basi. Hayo tu. Lakini jina lake lilimshtua. Alikuwa Mama Rahel, alikuwa shemeji, alikuwa mjane wa marehemu, na hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwita Kasilda akitaka kujua kama amekula. Usiku ule alilisikia tena na tena. Tangu hapo walikuwa wanakaa uani wanaongea, jioni baada ya jioni, bibi akiwa dirishani. Hawakufanya lolote la kumficha padri. Ila watoto hawakuambiwa, kwa sababu Kasilda kila akishika simu maneno yalimkimbia.

"Tangu kiangazi kilichopita," alisema mwishowe. "Anataka tuoane. Sijamjibu, nilitaka nyie mjue kwanza."

"Kiangazi kilichopita tu?" Rahel aliuliza. "Au tangu baba yuko kitandani?"

"Rahel," alisema bibi.

"Mwache aulize, mama," Kasilda alisema. Alimtazama binti yake usoni. "Baba yako akiwa hai, huyu mtu hakuwahi kukaa na mimi sebuleni wawili peke yetu. Hata mara moja. Unamjua, na mimi unanijua."

Rahel aliinamisha kichwa. Alijua. Aliposema tena alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya zaidi. "Basi mama, mimi nikuambie ninavyoona. Haya si mapenzi. Ni shukrani. Wewe mtu akikupa chumvi unamshukuru mwezi mzima. Ba'mdogo Damiano amekupa miaka miwili ya kumbeba baba mgongoni. Unaona huna cha kumrudishia, ndiyo unampa wewe mwenyewe. Na yeye anapokea. Halafu tumpandishe na melini, akae kwenye nafasi ya baba, kwenye safari ya baba."

Hakuna aliyekuwa amesikia hodi. Damiano alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, shati jeupe la Jumapili, mkononi ameshika furushi la migebuka lililofungwa kwenye majani. Kasilda mwenyewe ndiye aliyemwalika chakula cha mchana.

Waliangaliana, yeye na Kasilda. Ilikuwa kwa kitambo kidogo tu, lakini ilimtosha Kasilda kujua kwamba amesikia kila kitu, na kwamba pamemuuma mahali ambapo tayari palikuwa na kidonda.

"Shikamoo, mama," Damiano alimsalimia bibi.

"Marahaba, baba. Ingia."

"Shikamoo, ba'mdogo," Rahel alisema, kwa mazoea, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Za Dodoma?" Akaweka samaki mezani, polepole. "Wametoka ziwani Ikola alfajiri, bado wabichi. Mama Rahel, naomba nisikae. Kuna wageni wanaingia kambini mchana huu."

Kasilda alijua hakuna wageni wowote. Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa nje. Alibaki ameketi, mikono mapajani, anawaza kwamba akimfuata atamuudhi mtoto, na asipomfuata yule mtu ataendesha mpaka Sitalike na kesho atamwita shemeji tena, kwa adabu, mpaka kufa.

Bibi Pelagia aligonga sakafu kwa fimbo yake. "Kasilda. Anaondoka."

Akainuka.

Damiano alikuwa ameshika usukani lakini hajawasha gari. Vumbi la barabara lilikuwa limetulia juu ya kioo, na kabaridi ka Juni kalikuwa bado hakajaisha ingawa jua lilikuwa juu. Kasilda alisimama upande wa dirisha lake.

"Hakuna wageni," alisema.

"Hakuna."

"Basi shuka tuongee."

"Niongee nikiwa humu. Nikishuka sitaweza kusema." Damiano alitazama mbele. "Kasilda, aliyosema mtoto, mimi nimejiuliza mwaka mzima. Kila nikikuletea kitu unasema asante. Nikikaa unasema asante kwa kukaa. Nilipokwambia nakupenda, ulisema nini? Ulisema asante."

Kasilda alifumba macho. Ilikuwa kweli. Alikuwa amesema asante.

"Mimi sikumhudumia Oswaldi ili nilipwe," Damiano aliendelea. "Alikuwa rafiki yangu. Kama ni shukrani, umeshanishukuru ya kutosha, tuko sawa. Niache niende. Nitakuwa nakuja kumwona mama, na nyie mtakwenda visiwani kwenu salama. Sitaki mwanamke aolewe na mimi kwa sababu ana deni."

Mtu alipita na bodaboda, akawasalimia, wakaitikia wote wawili kama hakuna kitu. Kasilda alisubiri mlio upotee.

"Damiano, nitazame."

Alimtazama.

"Yule daktari wa Mbeya, yule kijana mwembamba, alimtibu Oswaldi vizuri. Namshukuru mpaka leo, namwombea. Lakini simngoji getini. Padri alikuja hapa kila Ijumaa na komunyo, namshukuru. Lakini akichelewa kupita, mimi nalala usingizi wangu. Wewe usiposikika mpaka saa mbili, nakaa macho nasikiliza magari ya kutoka Sitalike, na najua la kwako kabla halijakata kona. Nikipika na hupo, chakula naona hakijaiva. Mwaka huu nimeshona nguo ya kijani kwa sababu uliwahi kusema kijani kinanipendeza, halafu nikaona aibu kuivaa. Hiyo ni shukrani gani?"

Mkono wa Damiano ulikuwa umetoka kwenye usukani.

"Nilisema asante kwa sababu ndilo neno ninalolijua," Kasilda alisema. "Maisha yangu yote nimepokea ninachopewa, nikashukuru. Sijawahi kusema nataka. Sasa nasema. Nataka uende na sisi. Nataka nikiona bahari mara ya kwanza uwe umesimama karibu, unitazame ninavyoiona. Na mtoto wangu akikasirika nitamlilia, lakini bado nitataka."

"Sema tena," Damiano alisema, taratibu.

"Nakupenda. Shuka kwenye gari."

Alishuka. Hakumkumbatia, barabara ilikuwa wazi na watu wanatoka makanisani. Alisimama tu mbele yake, karibu kuliko alivyowahi kusimama mchana, akamwondolea kwa kidole kivumbi kilichokuwa kimetua kwenye kope. Kasilda alishukuru Mungu kimyakimya, kisha akajicheka moyoni kwamba hata hapo ameshukuru.

Walipogeuka, Rahel alikuwa amesimama getini. Haikujulikana amesimama muda gani. Macho yalikuwa mekundu.

"Bibi amenifukuza nje," alisema. "Amesema yeye ndiye aliyemzaa baba. Kama yeye hana kinyongo, mimi changu nimekitoa wapi?"

Hakuna aliyecheka, ingawa Kasilda aliisikia kabisa sauti ya mkwewe ndani ya maneno hayo.

"Lakini ninacho, ba'mdogo," Rahel alisema. "Kidogo. Sitakudanganya."

"Usinidanganye, mwanangu. Kuwa nacho."

"Si kwamba wewe ni mbaya. Naogopa tu." Alijishika kwenye nguzo ya geti. "Naogopa tutafika huko, mtacheka, mtapiga picha, na itakuwa kama baba hakuwahi kuwepo. Mama akiwa peke yake, kila mtu anakumbuka kuna mtu hayupo. Ukikaa wewe pale, pengo halionekani tena."

Damiano alifikiri kabla ya kujibu. "Pengo litaonekana. Mimi mwenyewe nalo ninalo. Nikiimba besi kanisani upande wangu wa kulia hakuna mtu." Aliegemea gari. "Unajua mara ya mwisho tunarudi Mbeya, baba yako alinisimamisha pale darajani Sitalike? Alitaka kuona viboko. Nikamshusha, nikamkalisha. Akawatazama muda mrefu, nikajua anawaza kifo, nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza. Akaniambia, Damiano, hawa wanyama wana raha. Wanashinda kwenye maji, wananenepa, na hakuna hata daktari mmoja anayekuja kuwaambia wapunguze chumvi."

Rahel alitoa sauti iliyoanza kama kicheko ikamalizikia kwenye kilio, akaziba mdomo kwa mkono. Kasilda naye, ambaye hakuwahi kuambiwa habari hiyo, alimtazama Damiano kwa mshangao. Mume wake alikuwa amecheka siku ile. Katika siku zile zote mbaya, alikuwa na saa moja darajani na rafiki yake, na amecheka.

"Hukuniambia," Kasilda alisema.

"Ninazo nyingi," Damiano alijibu. "Nilikuwa naziweka, naona kama si mahali pangu kuzitoa."

"Utazisema melini," Rahel alisema. Alijifuta uso kwa kanga. "Kila jioni moja. Maiko pia azisikie."

"Nitazisema."

Rahel alimsogelea mama yake akamlalia begani, mtu mzima na urefu wake wote, na Kasilda alimshika kama alivyomshika zamani akitoka shule na homa. Alinusa mafuta ya nywele zake. Alitaka kusema asante, akaona afadhali ampapase tu mgongo.

Kutoka ndani bibi aliuliza kwa sauti kama migebuka inakaangwa au inasubiri kuoza.

Rahel alijinasua, akatoa simu mfukoni, akarudia ile sauti yake ya kupanga mambo. "Ba'mdogo, majina yako matatu nani? Wanataka kama yalivyo kwenye kitambulisho."

"Damiano Kassiani Laurence."

"Laurence mwisho?"

"Mwisho."

Aliandika kwa kidole gumba, polepole, akayasoma tena. Kisha akainua macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akawatazama wawili hao wakiwa pamoja, wamesimama kando ya gari. "Sasa vyumba. Mama na bibi. Wewe itabidi nikutafutie kitanda kwa mtu mwingine, maana kwenye safari yangu watu wasio na ndoa hawalali chumba kimoja. Nasema mapema."

"Ni haki," Damiano alisema. "Meli inaondoka tarehe ngapi?"

"Septemba, wiki ya pili."

Damiano alimgeukia Kasilda. Alimtazama tu, na kwenye macho yake kulikuwa na lile swali alilokuwa amelibeba tangu mwaka jana bila kulisukuma. Kasilda alirekebisha kitenge kiunoni, akamtazama binti yake.

"Matangazo ya ndoa yanasomwa Jumapili tatu tu," alisema.